Simu inaingia lakini haimfikii mtu: kutafuta tatizo kwenye foleni ya simu za ofisi

Malalamiko ya simu za ofisi hufika kwa maneno yale yale: “Nawapigia hampatikani.” Maneno hayo yanabeba matatizo mengi yasiyohusiana. Kuna aliyeambiwa namba haipo. Kuna aliyesikia inaita mpaka ikakata. Kuna aliyesikilizishwa muziki dakika saba akakata mwenyewe kwa hasira, na kuna aliyepokelewa kabisa ila hakusikia kitu. Kwa bosi wote hao wanafika kama mtu mmoja, bosi anampigia fundi, na fundi anaanza kubadilisha vitu ambavyo hajui kama ndivyo vilivyoharibika.

Kwa hiyo usianze na mtambo. Mtafute aliyelalamika umuulize: ulisikia nini hasa, kwa muda gani, ulipiga saa ngapi na kwa laini ya mtandao upi. Simu inayoingia hupita vituo vyake kwa mpangilio. Inatoka kwa kampuni ya simu, inakutana na kanuni ya simu zinazoingia, inapimwa kama ni saa za kazi, inasomewa menyu ya sauti, inaingia kwenye foleni, ndipo inaita mezani kwa mhudumu. Kituo kinachoharibika kina sauti yake, na ukishajua simu iliishia wapi, kazi iliyobaki huwa ndogo.

Mifano ya hapa ni ya Asterisk, programu ya kuendeshea mtambo wa simu za ofisi, na mitambo iliyojengwa juu yake, yaani FreePBX na Issabel. Mwenye 3CX au mtambo wa kukodi mtandaoni atavikuta vitu hivi hivi kwa majina mengine.

Jaribio la kwanza halihitaji kufungua chochote. Piga namba ya foleni kutoka simu ya mezani ya ndani. Kisha piga namba ya ofisi kwa simu ya mkononi, kwa laini za mitandao miwili tofauti. Ndani ikikubali na nje ikagoma, iache foleni, angalia vituo vilivyo kabla yake. Mtandao mmoja ukikubali na mwingine ukagoma kila mara, mtambo wako huenda hauna kosa kabisa. Hapo ni makampuni ya simu hayajaunganishana vizuri.

“Naambiwa namba haipo”

Mara nyingi namba ipo, ila mtambo hauijui kwa jinsi ilivyoandikwa. Namba za mezani za Dodoma huanza na 026, na namba ile ile kampuni ya simu inaweza kuileta kwa sura kadhaa: ikianza na 026, ikianza na 255 26 bila alama, ikianza na +255, au ikiwa imekatwa sifuri ya mbele. Kanuni yako ikisubiri 0262XXXXXX na simu ikaja na 255262XXXXXX, kwa mtambo hizo ni namba mbili tofauti, na mpigaji anaishia kwenye tangazo la namba isiyotumika.

Usibahatishe. Fungua sngrep, programu ya kutazama ujumbe wa simu zinazopita, kwenye seva, piga simu moja, usome ombi linaloingia lina namba gani. Ndiyo hiyo unayoiandika kwenye kanuni, herufi kwa herufi. Kuna makampuni ambayo mstari wa juu wa ombi unabeba jina la akaunti yako tu, namba iliyopigwa ikiwa imekaa kwenye kichwa cha To. Hapo kanuni yoyote utakayoandika haitakamata kitu mpaka uuambie mtambo usome kule. Kwenye FreePBX ni kubadilisha muktadha (context) wa laini uwe from-pstn-toheader.

Mimi hupenda kuacha kanuni moja ya mwisho isiyotaja namba yoyote, inayopeleka simu mapokezi. Kampuni ikibadilisha sura ya namba bila taarifa, simu zitafika kwa dada wa mapokezi badala ya kufia hewani, naye atakwambia mapema kwamba leo simu zote zimemwangukia yeye.

“Ofisi imejaa watu, anayepiga anaambiwa mmefunga”

Tatizo hili kwetu lina chanzo ambacho miongozo ya kutoka nje haikitaji. Meneja anaandika kwenye karatasi: “Simu zipokelewe saa 1:30 mpaka saa 9:30.” Kijana anayejaza mtambo anaandika 01:30 mpaka 09:30. Mtambo unahesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo kwake ofisi inafunguliwa saa saba na nusu usiku na kufungwa saa tatu na nusu asubuhi. Dalili yake ni nzuri kwa kuipotosha akili: asubuhi simu zinaingia vizuri kabisa, fundi anajaribu saa mbili anakuta hakuna shida, anaondoka, na ikifika saa tatu na nusu ofisi inakuwa kimya. Saa za kazi za serikali, saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri, kwenye mtambo ni 07:30 hadi 15:30. Andika hivyo hata kwenye karatasi ya maelekezo.

Cha pili ni ukanda wa saa. Seva ikiachwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, iko nyuma yetu kwa saa tatu. Ofisi iliyopangwa 07:30 hadi 15:30 itaanza kupokea saa 4:30 asubuhi na kuendelea hadi saa 12:30 jioni, wakati walinzi peke yao ndio waliobaki. Kwa hiyo ukisikia “asubuhi hampokei, jioni inaita tu hakuna mtu”, usihangaike na foleni. Andika timedatectl uone. Dawa ni timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam, kisha uwashe Asterisk upya.

Cha tatu huja na umeme. Umeme ukikatika na UPS ikaisha chaji, seva ambayo betri yake ya saa imekufa inaamka ikiwa na tarehe ya zamani. Vikompyuta kama Raspberry Pi 4 havina kabisa saa yenye betri. Kama intaneti ipo, saa hujirekebisha yenyewe baada ya muda mfupi. Kama intaneti nayo haijarudi, mtambo unaamini ni Jumapili ya mwaka juzi. Andika chronyc sources uone kama kuna chanzo cha saa kinachojibu. Betri yenyewe, ile bapa ya CR2032, ni ya bei ndogo mno kulinganisha na siku moja ya simu zilizopotea.

Halafu kuna kidole cha mtu. Mitambo mingi ina kodi fupi ya kugeuza mchana kuwa usiku kwa mkono. Kwenye FreePBX huanza na *28. Mtu wa zamu aliibonyeza Ijumaa jioni kwa sababu ya kikao, Jumatatu hakuna aliyeirudisha. Tengeneza kitufe chenye taa kwenye simu ya mapokezi, taa ikiwaka kila mtu anaona.

Sikukuu zinataka uangalifu wa aina yake. Siku ya Muungano, 26 Aprili, na Siku ya Uhuru, 9 Desemba, hazihami, zipange mara moja uzisahau. Pasaka na Idd zinahama kila mwaka, na Idd inasubiri mwezi uonekane. Ukizijaza kama tarehe za kudumu, mwaka unaofuata ofisi itajifunga yenyewe siku ya kawaida ya kazi. Kwa hizo tumia kile kitufe.

“Nabonyeza moja hakuna kinachotokea”

Kama menyu haisikii kitufe chochote, tatizo liko kwenye namna milio ya vitufe inavyosafirishwa. Inaweza kusafiri ndani ya sauti yenyewe, au kama pakiti maalumu kwa utaratibu wa RFC 4733, ambao zamani uliitwa RFC 2833. Pande mbili zisipokubaliana, kitufe kinapotea njiani. Sauti ikiwa imebanwa kwa G.729, mlio unaosafiri ndani yake unaharibika na mtambo hauutambui. Weka RFC 4733 pande zote mbili, na uiulize kampuni ya simu wao wanatumia nini.

Kama kitufe kinasikika ila baada ya kimya cha sekunde kadhaa, angalia kama namba za ndani zinaanza na tarakimu hiyo hiyo. Menyu inayoruhusu mtu kupiga moja kwa moja namba ya ndani 101, 102 na kuendelea, ikisikia 1 inasubiri kuona kama kuna tarakimu nyingine inayofuata. Hamisha namba za ndani zianzie 4 au 5, au uzime ruhusa ya kupiga namba za ndani kutoka kwenye menyu.

Na menyu yenyewe iwe fupi. Anayepiga kutoka Kondoa au Manyoni analipia kila dakika anayosomewa orodha ya idara zenu. Machaguo matatu yanatosha kwa ofisi nyingi, na anayekaa kimya apelekwe mapokezi, asikatiwe.

Foleni: mahali penye kesi nyingi

Hapa kuna amri moja ya kuijua kabla ya zote: asterisk -rx "queue show". Inaonyesha kila foleni, wanaosubiri, na kila mhudumu na hali yake. Unavailable ni simu isiyoonekana mtambo ulipo, pengine kebo imechomoka au nywila imebadilishwa. Paused ni aliyejipumzisha. In use yuko kwenye simu. Zaidi ya nusu ya kesi za foleni huishia kwenye skrini hiyo moja, kwa sababu inaonekana wazi kwamba wahudumu watano wa kwenye karatasi, kwa mtambo ni wawili.

Mpigaji akitolewa mara tu anapoingia, kosa liko kwenye kigezo cha joinempty, kinachoamua kama mtu anaruhusiwa kuingia foleni isiyo na mhudumu. FreePBX ina chaguo linaloitwa Ultra Strict, na watu hulichagua wakidhani ukali ni ubora. Chaguo hilo linamhesabu hata mhudumu aliye kwenye simu kama hayupo. Matokeo yake, wahudumu wote wakishikwa tu, anayefuata anafukuzwa, wakati kazi ya foleni ni kumhifadhi mtu wa namna hiyo hiyo. Rudisha Strict. Ndugu yake ni leavewhenempty, anayemtoa mtu aliyekwisha kusubiri pale mhudumu wa mwisho anapobonyeza kupumzika aende kula. Nikiona watu wanatolewa kati ya saa saba na saa nane mchana, huwa sitafuti mbali.

Kuna hali ya kinyume, ambapo wahudumu wamekaa wanapiga soga na foleni ina watu. Kwanza angalia autofill. Ikiwa imezimwa, mtambo unamshughulikia mtu wa mbele peke yake. Mpaka huyo apokelewe, wa pili na wa tatu wanasubiri hata kama kuna wahudumu wanne huru. Pili, muda wa kupumua kati ya simu na simu, wrapuptime. Mtu aliweka sekunde 120 kipindi cha mafunzo ili wahudumu wapya wapate muda wa kuandika, ikasahaulika. Tatu, uzito wa foleni. Wahudumu wale wale wakiwa kwenye foleni mbili, ya malipo yenye uzito 10 na ya maulizo yenye uzito 0, ya maulizo haipati mtu hadi ya malipo iishe. Na siku yenye shughuli, ya malipo haiishi. Sijapata kuona ofisi ndogo iliyohitaji uzito, ondoa.

“Simu zote zinaniangukia mimi” ni lalamiko la haki, lisikilizwe. Mpangilio wa linear huanza kila mara na mhudumu wa kwanza kwenye orodha, kwa hiyo aliyeandikwa juu hana pumziko. Wengi hukimbilia fewestcalls, unaompa simu aliyepokea chache. Unaonekana wa haki, ila una mtego: mhudumu anayeingia saa nne akiwa na hesabu ya sifuri atamiminiwa simu zote mpaka awafikie waliokuwapo tangu asubuhi. Kwa ofisi ya watu watatu hadi wanane, rrmemory, inayozunguka na kukumbuka ilipoishia, ndiyo isiyoleta kesi. Ringall, ambapo simu zote zinaita kwa pamoja, inafaa watu wawili walio chumba kimoja. Wakizidi hapo kila mmoja anamwachia mwenzake.

Angalia pia penalty. Mwenye penalty 1 haitwi mpaka wenye 0 wote wawe hawapatikani au wameshikwa. Ni njia nzuri ya kumweka msimamizi kama akiba, na ni njia mbaya ya kumsahau mhudumu wa kawaida huko huko.

Mhudumu yuko anaongea na mteja, mara simu nyingine inamlilia sikioni. Hiyo ni ringinuse kuwa yes. Weka no, kwenye FreePBX ni chaguo la kuruka wahudumu walioshikwa. Ikiendelea kulia hata baada ya hapo, basi huyo mhudumu ameongezwa kwenye foleni kwa njia ya Local ambayo haionyeshi hali ya simu yake, na mtambo haujui kama ameshika mkonga au la. Muongeze upya, ukitaja simu ambayo hali yake isomwe.

Sasa ile inayowashangaza wateja kuliko zote: amesubiri kwenye foleni ya ofisi, muziki umekata, akasikia “namba ya simu unayopiga haipatikani kwa sasa”. Mhudumu mmoja amedivati simu yake ya mezani kwenda simu ya mkononi, akaenda Mpwapwa kwenye msiba, na simu imezima. Foleni ilimpigia, mtandao wa simu za mkononi ukajibu kwa tangazo, na pale laini yenu inapohesabu tangazo kama mtu aliyepokea, foleni inaona kazi imekwisha na kumkabidhi mteja. Kwenye ripoti inaonekana simu ilipokelewa, tena haraka. Dawa ni mbili. Zima kudivati kwa simu zinazotoka kwenye foleni. Na kama ni lazima mhudumu apokelee mkononi, washa uthibitisho: akipokea, anaambiwa abonyeze 1 ndipo aunganishwe, na tangazo haliwezi kubonyeza 1. Jihadhari vilevile na mzunguko, simu ya mezani ikidivatiwa mkononi na ya mkononi ikadivatiwa ofisini. Simu moja inaweza kujaza laini zote ikijizungukia yenyewe.

“Nimesubiri sana”

Hapa mafundi wengi hupoteza muda wakitafuta kigezo, wakati tatizo ni hesabu ya watu. Hesabu hiyo ilitafutwa na Agner Krarup Erlang wa Denmark, aliyefanya kazi kampuni ya simu ya Copenhagen, kwenye maandiko yake ya 1909 na 1917, na mitambo yote imebadilika tangu wakati huo lakini hesabu haijabadilika.

Tuseme ofisi ya maulizo ya chuo wakati wa udahili inapata simu 40 kwa saa, kila moja inachukua dakika 3 pamoja na muda wa kuandika. Hiyo ni dakika 120 za maongezi ndani ya dakika 60, yaani kazi ya watu wawili kamili wasiopumua. Ukiweka wahudumu wawili, foleni itarefuka saa zote na haitakuja kuisha, hata uweke mpangilio gani. Ukiweka watatu, wastani wa kusubiri ni kama sekunde 80. Ukiweka wanne, unashuka hadi kama sekunde 16. Mtu mmoja wa ziada amepunguza kusubiri mara tano. Hakuna kigezo kwenye Asterisk kinachofanya hivyo, na ndiyo sababu napenda kumwonyesha bosi hesabu hii kabla hajaniagiza “kuongeza kasi ya mtambo”.

Piga hesabu kwa saa yenye simu nyingi, wastani wa siku utakudanganya. Nyumba za wageni na ofisi za usafiri za hapa Dodoma mjini zihesabu kwa wiki za Bunge la bajeti, kati ya Aprili na Juni, zisihesabu kwa Januari.

Kama watu hawaongezeki, mpunguzie mpigaji mateso: mwambie nafasi yake kwenye foleni, si kila sekunde kumi bali kila dakika hivi, na umpe njia ya kutoka, abonyeze namba aache ujumbe apigiwe. Weka na kikomo cha muda. Foleni isiyo na kikomo ni ahadi ambayo hakuna aliyeitoa.

“Tunashindwa kupiga nje, na wanaopiga wanaambiwa inatumika”

Kila anayesubiri kwenye foleni ameshika njia moja ya laini yenu. Mkiwa mmelipia njia nne, watu wanne wakiwa wanasikiliza muziki, wa tano anaambiwa inatumika, na mhasibu ndani hawezi kupiga benki. Simu ya foleni iliyodivatiwa mkononi inakula mbili, moja ya kuingia na moja ya kutoka. Laini ya E1, ile ya waya wa kidijitali kutoka kampuni ya simu, ina njia 30 za sauti. Laini za SIP, yaani za simu zinazopita kwenye intaneti, zina idadi mnayolipia, isome kwenye mkataba. Andika asterisk -rx "core show channels" wakati wa tatizo uhesabu. Ama ongezeni njia, ama wekeni maxlen, idadi ya juu ya wanaosubiri, ili zibaki njia za kutokea.

Zikijaa usiku, wakati hakuna mtu ofisini, usifikirie foleni. Kuna mgeni anapiga simu za nje ya nchi kwa gharama yenu, kwa kawaida kupitia namba ya ndani 100 yenye nywila 100. Kata mara moja, badilisha nywila zote ziwe ndefu, funga mlango 5060, unaopitisha maombi ya simu za SIP, kwa kila anwani isipokuwa ya kampuni ya simu na matawi yenu, na uzuie simu za kimataifa kwa wasiozihitaji.

Ameunganishwa, ila sauti haipo au inakatika

Simu ikikata kila mara kwenye sekunde ya 32 hivi, shukuru, maana ni dalili isiyo na utata. Mtambo ulipopokea ulituma jibu na kusubiri uthibitisho kutoka upande wa pili. SIP inarudia kwa sekunde 32, yaani mara 64 ya nusu sekunde, kisha inakata tamaa. Uthibitisho haukufika kwa sababu mtambo umejitambulisha kwa anwani ya ndani, 192.168 na kuendelea, ambayo huko nje haina maana. Jaza anwani ya nje na mitandao ya ndani kwenye mipangilio ya SIP. Ikikata kwenye dakika ya 15 au ya 30, ni kipima muda cha mazungumzo, ambacho kwa kawaida ni sekunde 1800 na huhuishwa nusu ya njia. Ujumbe wa kuhuisha umepotea njiani.

Sauti ya upande mmoja ina chanzo kile kile cha anwani, ikiongezwa milango ya sauti iliyofungwa, kwa kawaida UDP 10000 hadi 20000. Na zima SIP ALG kwenye ruta. Kipengele hicho kiliwekwa kusaidia, ila kwa kuandika upya ujumbe wa SIP kinaharibu zaidi ya kinavyotengeneza.

Ofisi mpya za pembezoni ambako kebo ya mkongo haijafika hutumia ruta za 4G. Angalia anwani ambayo ruta imepewa upande wa nje. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, mnagawana anwani moja ya umma na wateja wengine wa mtandao huo, na hakuna mlango utakaoufungua kwenye ruta utakaosaidia. Ombeni anwani ya umma ya kudumu, au wekeni mtambo kwenye seva ya mtandaoni na simu za mezani zijisajili huko.

Sauti inayokwaruza au kukatikakatika ni suala la njia ya intaneti. Simu moja yenye sauti ya mtindo wa G.711 inahitaji kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, hivyo kumi zinahitaji karibu megabiti moja kwenda na moja kurudi. Mara nyingi kipimo kinatosha, ila kuna mtu anapakia video. Toa kipaumbele kwa pakiti za sauti kwenye ruta.

Jambo moja linalosahaulika: diski. Rekodi za simu za WAV ya kawaida hula karibu megabaiti moja kwa dakika, na diski ikijaa mtambo unaanza vituko visivyoelezeka, ripoti hazionekani, ujumbe hauhifadhiwi. Andika df -h uone nafasi iliyobaki kabla ya kumlaumu mtu. Na kama mnarekodi, mwambieni mpigaji mwanzoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu.

Kusoma kumbukumbu

Mhudumu anasema simu haikuita, msimamizi anasema alikuwa kwenye WhatsApp. Jibu liko /var/log/asterisk/queue_log. RINGNOANSWER maana yake simu iliita kwake na hakupokea, ikiambatana na muda iliyoita kwa milisekunde. ABANDON ni mteja aliyekata mwenyewe. Tarakimu ya mwisho ni sekunde alizosubiri. EXITEMPTY alitolewa kwa kukosekana wahudumu, EXITWITHTIMEOUT muda ulimwishia. Safu ya kwanza ni muda kwa sekunde tangu 1970: date -d @1718092800 kwenye seva iliyopangwa kwa saa zetu itakupa 11 Juni 2024, saa tano kamili asubuhi, imeandikwa 11:00.

RINGNOANSWER nyingi za milisekunde 15000 ni simu iliyoita muda wake wote wa kawaida, sekunde 15, bila mtu kuigusa. Zikiwa za milisekunde chache sana, mhudumu anasingiziwa: simu yake imewekwa usisumbue, au inakataa yenyewe. Muone kwanza kabla ya barua ya onyo.

Ukikuta tatizo ni la kampuni ya simu, usiwaandikie “simu zinasumbua”. Wape simu tatu za karibuni, si za wiki iliyopita kwa kuwa kumbukumbu zao hufutwa: namba iliyopiga, namba iliyopigwa, saa na dakika kwa mtindo wa saa 24, alichosikia mpigaji, na Call-ID, yaani utambulisho wa kila simu, kutoka kwenye sngrep. Kama simu haikufika kabisa kwenye mtambo wako, sema hivyo waziwazi, na uwaambatishie picha ya sngrep ya dakika hiyo ikiwa tupu.